Nyumba ya mama Makorora: dalali ameweka cha juu milioni 22, nifanyeje?

Binti Makorora: Ndugu zangu habari zenu. Naomba ushauri, nimechanganyikiwa.

Mama yangu ni mjane, ana nyumba hapa Tanga, Makorora. Vyumba vinne na banda la uani lenye vyumba viwili vya kupangisha. Hati ina jina lake. Magoti yamemchosha, anataka kuuza ahamie kwangu Morogoro. Mimi ni mwalimu, kutoka kila wiki siwezi, hivyo kazi nikampa dalali kwa simu. Nikamtajia milioni 70, tukakubaliana asilimia 5.

Huu mwezi wa tatu. Watu wanakuja, wanatazama, hawarudi. Juzi jirani kanitumia tangazo: nyumba yetu, picha zile zile, milioni 92! Nilipompigia akasema hiyo milioni 22 ya ziada ni cha juu chake, atabaki nayo yeye, mimi nitapata 70 yangu kamili. Na ile asilimia 5 bado anaitaka. Imeniuma, maana mama anashinda barazani akingoja mteja.

Nikimwacha nitauzaje nikiwa mbali? Na wapo wanaosema tungoje, bomba la mafuta litapandisha bei.

Mkwezi: Pole dada. Wateja hawarudi kwa sababu ya hiyo 92. Mwenye 70 zake hafiki hata mlangoni kwenu.

Dalali wa Ngamiani: Dada, mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, mwaka wa 11 sasa. Nitasema pande zote mbili.

Dalali hana mshahara. Nampeleka mteja Kange asubuhi, Pongwe mchana, Sahare jioni, nauli yangu, na wengi wanatazama tu. Kisha kuna wenye nyumba wanaowapa kazi madalali sita, mteja akipatikana wanamzunguka dalali na kumalizana naye gizani. Hayo yanatuumiza sana.

Lakini cha juu kina mahali pake. Mwenye nyumba akisema "nipe 70 yangu, ya kwako utajua mwenyewe", hapo ameniruhusu. Mkishataja asilimia, nikaongeza na cha juu kimya kimya, huo ni wizi. Tena nitamficha mnunuzi asionane na mama yako, na mauziano yakifichwa huzaa kesi.

Andikianeni: bei ya kutangaza, bei ya mwisho, asilimia ngapi na inalipwa lini, na muda. Siku 60 zinatosha. Mnunuzi na muuzaji lazima waonane ana kwa ana. Ukimwandikia hayo akakataa, mshukuru, tafuta mwingine.

Mama Sahare: Mwanangu, nimefanya kazi za ardhi miaka mingi. Hati halisi isitoke mikononi mwa mama. Dalali inamtosha nakala ya kivuli.

Kabla hamjatangaza tena, lipeni kodi ya pango la ardhi na mtunze risiti, kwa kuwa mnunuzi mwenye akili atafanya upekuzi kwa msajili wa hati, yaani kuhakikisha nyumba ni ya nani. Mkataba uandikwe na wakili, si na dalali. Fedha ziingie benki, akaunti ya mama, zisipitie kwa mtu. Kama hutaweza kuwepo, mama yu hai na akili zake timamu, atasaini mwenyewe.

Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida. Lakini nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, na faida haizidi milioni 15, imesamehewa. Tafuta risiti zozote za ujenzi, hata za bati na saruji, zitawasaidia kuonyesha gharama. Ushuru wa stempu asilimia 1 kwa kawaida hulipa mnunuzi, lakini mkataba uutaje. Na akitokea mtu wa serikali ya mtaa akidai asilimia 10 ya bei ili apige muhuri, hiyo haimo katika sheria.

Pwani Kwetu: Bomba linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na linaishia Chongoleani, pwani ya Tanga. Makorora si Chongoleani. Mama ana magoti leo, msimngojeshe kwa ajili ya uvumi. Ila hiyo 70 mmeipata wapi? Mlipeni mthamini aliyesajiliwa aitazame. Huenda mnajipunja, au mmezidisha.

Binti Makorora: Ahsanteni sana, na shikamoo Mama Sahare. 70 tuliikisia tu kwa kusikia nyumba ya jirani. Nimemwandikia dalali yale masharti, amesoma na hajajibu tangu jana, ila tangazo la 92 amelitoa. Mama amesema hati haijawahi kutoka sandukuni, nimeshusha pumzi.

Ijumaa nikimaliza vipindi napanda basi. Dalali wa Ngamiani, unaweza kuja kuiona Jumapili? Nitakuwepo mwenyewe.

Dalali wa Ngamiani: Saa tatu asubuhi nitakuwa hapo. Njoo na karatasi, tuandikiane mbele ya mama.