Wajuzi wa mpira wa Wamarekani, yule mpiga teke anaingiaga kufanya nini?

ZamuYaUsiku_Moshi: Habari zenu wakuu. Mimi nipo mapokezi hoteli moja hapa Moshi, tulikuwa na wageni wameshuka mlimani wakaomba tuwawashie TV saa nane na nusu usiku wacheki Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Wamarekani, nikakaa nao mpaka kunakucha. Nimeupenda ila kuna kitu kinanisumbua. Wakifunga wanapata pointi 6, alafu anaingia jamaa jezi safi haina hata vumbi, anapiga teke moja, wanaongezewa 1, huyo anarudi kukaa. Mara nyingine hawamwiti kabisa, wanacheza tena pale pale karibu na mstari. Kwa nini? Na teke lenyewe mbona kama la bure?

BabaJ_Sakina: La bure wapi mkuu. Zamani kweli, lilikuwa la karibu mno hawakosi, ndo mwaka 2015 NFL, ligi yao kuu, wakasogeza mpira nyuma mpaka yadi ya 15 kutoka mstari wa kufungia, sasa weka na yadi 10 za eneo la kufungia maana nguzo zipo nyuma kule mwisho, weka na 8 anazorudi yule anayemshikia mpiga teke mpira, jumla 33, kama mita 30 hivi. Goli letu lina upana wa mita 7.32, zile nguzo zao mita 5.6 tu, na mwamba uko juu sawa na ringi ya basketi. Hapo mpira una umbo la yai na mabaunsa wanakukimbilia wauzuie.

Dada_Njiro: Kuhusu kutomwita, baada ya tachidauni, yaani lile bao la pointi 6, timu inachagua yenyewe. Teke ni 1, ukicheza tena kutokea yadi ya 2 ukaingiza ni 2, ukikwama hupati kitu. Chukulia mko nyuma kwa 8, mmefunga 6, hapo teke halisawazishi, lazima mtafute 2. Ila mimi hawa wapiga teke nawaheshimu sana jamani. Januari 1991 Scott Norwood wa Buffalo alipiga la yadi 47 mechi inaisha, lile la pointi 3 linalopigwa bila kufunga tachidauni kwanza, likapita kulia kwa nguzo wakafungwa 20 kwa 19 kwenye Super Bowl. 2002 Adam Vinatieri akapiga la yadi 48 mwishoni kabisa, New England wakawa mabingwa.

ZamuYaUsiku_Moshi: Aisee nimeelewa, asanteni sana. Mgeni mmoja kaniachia mpira wake, jioni nataka nijaribu na vijana. Unapigwaje?

BabaJ_Sakina: Mmoja ashike ncha ya juu kwa kidole, ncha ya chini iguse nyasi, zile kamba za mshono wa mpira ziangalie golini. Wewe njoo kwa pembeni kama unapiga kona, tumia juu ya mguu upande wa ndani, usitumie vidole. Staili hiyo ya kisoka aliingiza Pete Gogolak mzaliwa wa Hungary, 1964, kabla yake walikuwa wanaupiga kwa ncha ya kiatu. Anza mita 15 kwanza.