Tupeane uzoefu: safari ya ndege kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi New York

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, mama yangu, ambaye hajawahi kupanda ndege, anakwenda New York kumwona mjukuu wake. Naomba waliopita njia hiyo watueleze muda halisi wa safari, kwa maana tiketi huandika saa za kuondoka na kufika kwa majira ya kila mji, na ukizitoa unapata jibu la ajabu.

Mchangiaji wa kwanza
Nimepanda mara mbili ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018. Umbali ni takriban kilomita 11,800. Kwenda ni kama saa 15 na kurudi kama 14, kwa sababu pepo kali za juu zinazovuma kutoka magharibi huikabili ndege wakati wa kwenda na kuisukuma wakati wa kurudi. Mara ya kwanza, mwezi wa Desemba, tuliondoka karibu na usiku wa manane tukatua kabla jua halijachomoza, na kwa hesabu ya saa za miji hiyo miwili ungedhani tumesafiri saa saba tu, kwani majira ya baridi New York iko nyuma kwa saa nane. Nililala, nikaamka, nikala, nikalala tena, na dirishani bado giza. Alfajiri ilikuwa ikitufuata nyuma bila kutufikia.

Mchangiaji wa pili
Mimi nilipitia Doha, ambako jumla ya njia kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 14,600. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nami nilikula daku Doha nikaondoka asubuhi, nikidhani saa 14 za angani si neno. Saa yangu ya mkononi ilipoonyesha Magharibi ya nyumbani, jua lilikuwa bado juu ya bawa, na kama ningesubiri lizame New York ningefunga zaidi ya saa 21. Nilitumia ruhusa ya msafiri, nikalipa baadaye.

Mchangiaji wa tatu
Kumbuka kwamba kwa mtu wa Dar es Salaam hata njia ya Nairobi ni ya kuunganisha. Tofauti ni kwamba kipande cha kwanza ni kifupi, kama saa moja na nusu. Omba msaada wa kiti cha magurudumu unapokata tiketi, kwani si wa wagonjwa peke yao, na mama ainuke kutembea kila baada ya saa chache, la sivyo miguu itavimba.

Mwanzisha mada
Nashukuru sana. Nimekata ya Nairobi. Nilipomsomea mama habari za usiku ule mrefu, aliniuliza jambo moja tu: atajuaje, akiwa huko juu, kwamba Alfajiri imeingia? Mchangiaji wa kwanza, naomba umjibu.