Jiliwa limeliwa na kutu, nataka kulisafisha kwa umeme: waya upi uende wapi?

Mpangaji_Kigamboni: Wakuu, habari za jioni. Nimenunua jiliwa la mtumba (lile la kubania vyuma) pale Gerezani, Dar, zito, ila kutu imelivaa mwili mzima na skrubu haizunguki. Nasikia unalizamisha kwenye ndoo, unaunga chaja ya betri ya volti 12, kutu inatoka. Jirani anasema nitie chumvi ya kutosha, upande wa pili nitumbukize sahani ya stenlesi. Nishaurini kabla sijachoma nyumba ya watu.

Tandika Damu: Jiliwa liende hasi, mkuu. Ukigeuza nyaya, linaliwa lenyewe.

Ticha Mstaafu: Kweli, ila chumvi hapana. Ioni (chembe zenye chaji) chanya hukimbilia kathodi, yaani hasi, na ioni hasi huenda anodi, yaani chanya. Lakini kufika si kupokewa! Sodiamu ya chumvi itafika kwenye jiliwa lako ibaki inaelea tu, kwa sababu haidrojeni ya maji hupokea elektroni kwa urahisi zaidi. Ndiyo mapovu utakayoyaona. Kutu nayo hupokea elektroni, inageuka weusi unaosuguliwa kwa brashi. Balaa liko kwenye chanya: kloridi ya hiyo chumvi ikikolea, inaweza kutoka gesi ya klorini, na kwa chumba kimoja cha kupanga utakohoa hadi wapangaji wenzio watoke nje. Tumia magadi, kijiko kikubwa kwa lita 4 hivi za maji.

Fundi Rejeta: Hiyo sahani mrudishie jirani akalie pilau. Stenlesi ina kromiamu. Ukiiweka chanya inamomonyoka, maji yanageuka manjano, na kromiamu ya namna hiyo husababisha saratani. Okota vipande vya nondo. Vitaliwa, ndiyo kazi yake. Visigusane na jiliwa tu.

Mpangaji_Kigamboni: Nondo ninazo. Ila mvua hizi, naweza kufanyia ndani?

Fundi Rejeta: Subiri ikate, ufanyie uani. Haidrojeni inawaka. Zima chaja ukutani kwanza ndipo uchomoe klipu, cheche moja inatosha.

Ticha Mstaafu: Na nondo zizungushie pande zote, maana kutu inayotazamana na anodi ndiyo inayotoka vizuri. Ile iliyojificha ndani ya nyuzi za skrubu haitaguswa sana, hapo ni oili na subira. Ukilitoa likaushe hapo hapo ulipake oili; hewa ya pwani haingoji kesho.