Sungura wangu wamenenepa kupita kiasi, naomba ushauri

Habari zenu wanajamii. Nina sungura wawili wa ndani, jike na dume, umri miaka 4. Jike ana kilo 3.1, dume 2.6, na nikiwapapasa ubavuni sizisikii mbavu. Jike ndiye ananitia wasiwasi: hafiki tena nyuma kujisafisha, na kile kinyesi laini ambacho sungura hukila tena kinamgandia kwenye manyoya.

Kosa ni langu, nakiri. Bakuli la pelleti (chakula cha punje cha dukani) lilikuwa halikauki, na karoti nilitoa kila wakiniangalia kwa yale macho. Wiki 3 sasa nimeacha karoti na matunda, pelleti nimepunguza hadi gramu 60 kwa siku kila mmoja, majani makavu yapo muda wote. Dume amepungua gramu 80, jike hajashuka hata kidogo. Kumshindisha njaa siwezi, najua utumbo wa sungura ukisimama ni hatari.

Je, pelleti nishuke hadi gramu ngapi, au niziondoe kabisa taratibu? Na mnawalishaje wawili wanaokaa pamoja, maana jike akimaliza lake anahamia la mwenzake?