Mrejesho: mbwa wangu wawili majike waliokuwa wanararuana

Wakuu, nimerudi. Mwaka jana niliomba ushauri hapa: Malkia na binti yake Tausi walianza kupigana ghafla, hadi Tausi akachanika sikio. Wengi mlisema nimuuze mmoja. Sijauza.

Daktari wa mifugo aliuliza swali moja tu: Tausi kapata joto (kipindi cha kutaka dume) lini? Nikahesabu, ugomvi ulianza wiki hiyohiyo. Tukasubiri miezi mitatu, kisha wote wawili wakatolewa kizazi. Akanionya kwamba hiyo peke yake haitoshi, na kweli. Nilikuwa nawamwagia ugali na dagaa kwenye sufuria moja, tena mlangoni (ujinga wangu). Sasa Malkia anakula nyuma ya jiko, Tausi bandani, mlango umefungwa. Vyombo naviondoa kabla sijawafungulia.

Jioni natembea nao na mwanangu, kila mmoja na kamba yake, mwanzoni pande mbili za barabara. Juzi wamelala kivuli kimoja chini ya mwembe! Ila getini Malkia bado anamkazia mwenzake macho. Nikiona mkia umesimama kama fimbo, namwita pembeni. Usiku siwaachi pamoja.