Jiko la wati 2000 linachelewa kuchemsha: koili imekufa?

MpishiMoro: Wakuu, habari za jioni. Napika maharage na supu ya kuuza hapa Morogoro kwa jiko la umeme la koili. Chini limeandikwa 230V, 2000W. Liko bandani nyuma ya nyumba, umeme nauvuta kutoka sebuleni kwa ekstensheni ya mita 25, waya umeandikwa 0.75mm². Siku hizi linachelewa mno, na plagi ya ekstensheni haishikiki kwa moto. Mdogo wangu kapima jiko likiwaka: soketi ya sebuleni volti 207, kwenye jiko volti 195, mkondo ampea 7.4. Muuza vifaa anasema ninunue koili mpya. Ni kweli? Na hesabu yake inapigwaje?

Stima_Juma: Badilisha koili tu dada, huwa zinachoka.

FundiWaya: Dada, hela ya koili iweke kwanza. Ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia mkondo, ni volti kugawanya kwa ampea: 195 ÷ 7.4 = omu 26.4. Linganisha na maandishi ya jiko: 230 × 230 ÷ 2000 = omu 26.45. Koili yako nzima kabisa. Iliyokatika haipitishi mkondo hata kidogo.

Nguvu ni volti mara ampea: 195 × 7.4 = wati 1443. Volti zikishuka, ampea nazo zinashuka, kwa hiyo unapunjwa kotekote. Umebaki na 85% ya volti, lakini moto ni 72% tu.

Linaloniumiza kichwa ni zile volti 12 zinazopotea njiani. 12 × 7.4 ni karibu wati 89, zote zinageuka joto ndani ya ekstensheni. Ukinzani wa njia hiyo ni 12 ÷ 7.4 = omu 1.62. Waya wa shaba wa 0.75 una omu 0.0233 kwa mita, na mkondo unakwenda na kurudi, hivyo mita 50 ni omu 1.17. Zile 0.45 zilizozidi ziko kwenye maungio, na plagi yako inayochoma ndiyo ya kwanza kushukiwa. 7.4 × 7.4 × 0.45 ni kama wati 25 mahali padogo vile. Plagi inayeyuka hivyo, na nyumba zinaungua hivyo. Tafadhali usipike nayo tena leo.

Vuta waya wa 2.5 wenye plagi imara. Hapo zitapotea volti kama 3 tu na jiko litatoa karibu wati 1580. Halafu pima soketi jiko likiwa limezimwa. Volti zikipanda sana kupita 207, mwite fundi akague waya za nyumba.

MpishiMoro: Nimechomoa na kuifungua plagi. Skrubu moja imelegea, waya umekuwa mweusi na plastiki imeanza kukunjamana. Asante sana kaka, kesho natafuta waya wa 2.5.

Kijana_VETA: Fundi, nimepima balbu ya zamani ya wati 100 nikapata omu 40. Kwa hesabu hii, 230 × 230 ÷ 100, si ingekuwa 529?

FundiWaya: Umeipima ikiwa baridi, mdogo wangu. Waya wa tangsteni ukiwaka ukinzani unapanda zaidi ya mara 10. Koili ya jiko ni nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu), ukinzani wake haubadiliki sana, ndiyo maana hesabu ya dada imekubali. Balbu ipimie volti na ampea ikiwa inawaka, halafu ugawanye.