Kupakia kostiki soda na asidi katika lori moja

Muulizaji: Wakuu, je, ni sahihi kupakia mifuko ya kostiki soda (alkali kali inayounguza) na madumu ya asidi ya hidrokloriki katika lori moja liendalo kwenye mtambo wa kuchimba mafuta?

Jibu la 1: Hapana, ndugu. Vikivuja na kukutana, huchemka ghafla na kurusha matone yanayounguza ngozi na macho. Vitenganishwe kabisa, vikiwa na vibandiko vya daraja la 8 (vitu vinavyobabua) na namba za UN za kutambulisha bidhaa hatari: UN 1823 kwa kostiki, UN 1789 kwa asidi.

Jibu la 2: Naongeza kuhusu mzigo mwingine wa mtamboni, tope la kuchimbia lenye baraiti (madini mazito ya kuliongezea uzito), linalobebwa kwa lori la tangi: lita moja huweza kufikia kilo 2, hivyo tangi hufikia kikomo cha uzito kabla halijajaa, na tope husukuma gari dereva anapofunga breki. Vizuizi vya ndani ya tangi, vya kupunguza msukumo huo, ni muhimu.

Muulizaji: Ahsanteni. Mfuko mmoja umechanika pembeni, na chembe zake nyeupe zimeanza kuloa; naushusha sasa hivi.